Msumeno wa meza unaguna bila kuzunguka? Usikimbilie kusuka mota

Kinachoniuma katika kazi hii ni kukuta mota imefumuliwa waya zote na kusukwa upya, kumbe kilichokufa ni kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme na kuisaidia mota kuanza.

Seremala anawasha, mota inaguna, bledi haisogei. Zima hapohapo. Mota ya fezi moja ya nguvu farasi 2 hula ampea 9 au 10 ikiwa kazini, lakini ikikwama huku umeme unaingia hula mara tano hivi ya hapo, na koili huungua upesi. Na tafadhali, usiisukume bledi kwa kipande cha mbao ili ianze. Ikishika ghafla, mkono wako ndio uko jirani.

Chomoa plagi, kisha zungusha bledi taratibu kwa mkono. Ikiwa nzito, tazama beringi na mkanda. Ikiwa nyepesi, nenda kwenye kapasita, ila iondoe chaji kwanza kwa kugusisha nyaya za taa ya wati 100 kwenye miguu yake, maana hukaa na umeme hata mashine ikiwa imechomolewa. Ipime kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi. Ikisoma chini sana ya kilichoandikwa ubavuni, badilisha, na uweke ya kiwango kilekile.

Kapasita ikiwa nzima, mshukiwa wangu ni swichi iliyo ndani ya mota, ile inayokata koili ya kuanzia mota ikifika kama asilimia 75 ya kasi yake. Vumbi la mbao hupenda kukaa kwenye pointi zake. Zikishindwa kugusana, mota inaguna tu. Zikigandana, mota inaanza vizuri lakini inachemka na kapasita inapasuka. Mota ikiwa bado inazunguka, zima uisikilize inavyopungua kasi: swichi nzima hutoa mlio mmoja, "tak". Usipousikia, fungua kifuniko cha nyuma, puliza vumbi, piga pointi msasa laini.

Kuna mota moja niliisuka mara mbili kabla sijauliza umeme unatoka wapi. Ulitoka nyumba ya pili, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 40. Wakati wa kuanza, waya ule peke yake ulimeza volti karibu 40 kati ya 230. Nguvu ya mota kuanza hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo ilikuwa imepoteza kama theluthi, na hapo inatakiwa kuzungusha bledi na mkanda. Nilipima volti kwenye soketi bila mashine kuwaka, nikaona 230, nikaridhika. Nilipaswa kupima pale kwenye mota, sekunde ileile inapowashwa.

Tulivuta waya wa milimita 4. Mota haijarudi kwangu tena.