Mwanasaikolojia tiba wa watoto ni nani, na anasomea nini?

Mtoto wa miaka 4 akilia na kumng'ang'ania mama yake mlangoni mwa darasa, walimu hawababaiki. Baada ya wiki chache atakuwa amezoea. Mtoto wa miaka 11 akifanya hivyohivyo kila asubuhi kwa miezi mitatu, hapo kuna neno. Kilio ni kilekile, kilichobadilika ni umri. Mwanasaikolojia tiba wa watoto ni mtu aliyesomea tofauti hiyo: kipi ni cha umri na kitapita chenyewe, kipi kimezidi, na hicho kilichozidi kishughulikiwe vipi.

Kwa maelezo ya moja kwa moja, huyu ni mtaalamu aliyesoma saikolojia hadi ngazi ya juu ya chuo kikuu, akafanya kazi na wagonjwa chini ya uangalizi wa waliomtangulia, kisha akaruhusiwa kuchunguza, kutambua na kutibu matatizo ya hisia, tabia, fikra na makuzi kwa watoto wachanga hadi vijana wa miaka 18 hivi. Wanaofika kwake ni watoto wenye hofu zisizowapa nafasi ya kuishi, wenye sonona, wenye usonji, wasioweza kutulia wala kufuatilia jambo, wanaojiumiza, waliotendewa ukatili, wanaokataa kula, wanaokojoa kitandani umri wake ukiwa umepita. Vifaa vyake ni mazungumzo, michezo, vipimo, mazoezi ya tabia na, zaidi ya watu wanavyodhani, wazazi wenyewe.

Mara nyingi huchanganywa na daktari wa magonjwa ya akili. Yule ni daktari aliyesomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba kwa kawaida haandiki dawa, ingawa yapo majimbo machache ya Marekani yanayowaruhusu wenye mafunzo ya ziada, la kwanza likiwa New Mexico mwaka 2002. Mshauri nasaha naye hufanya kazi muhimu, lakini mafunzo yake huwa mafupi zaidi na kwa kawaida hayamfikishi kwenye kutambua magonjwa. Wote hao mara nyingi hukutana kwenye faili la mtoto mmoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba taaluma nzima ya saikolojia tiba, pamoja na ile ya watu wazima, ilianzia kwa mtoto. Mwaka 1896 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwalimu mmoja alimletea mwanasaikolojia Lightner Witmer mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa usahihi ingawa hakuwa mjinga. Witmer alimpima, akagundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro, akahakikisha amepata miwani, kisha akampangia mafunzo ya ziada kwa sababu miwani peke yake haikumaliza tatizo. Kliniki ya kwanza ya saikolojia duniani ilizaliwa hivyo. Mpaka leo, mtaalamu mzuri akiletewa mtoto "asiyesikia akiambiwa" huuliza kwanza kama masikio yamepimwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1905, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza Paris kipimo cha kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada zaidi darasani. Na mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomwondolea hofu ya sungura mtoto aliyeitwa Peter, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 3. Mtoto alipokuwa akila kitu anachokipenda, sungura aliletwa chumbani akiwa mbali, siku nyingine karibu kidogo, hadi Peter akamshika mwenyewe. Kanuni hiyo bado ndiyo uti wa mgongo wa tiba ya hofu.

Tuje kwenye masomo. Mtu huwa mwanasaikolojia tiba kwanza, wa watoto baadaye. Huanza na shahada ya kwanza ya saikolojia, miaka 3 au 4, ambayo haimpi ruhusa ya kutibu mtu yeyote. Baada ya hapo njia zinaachana kulingana na nchi. Marekani, kwa kawaida ni shahada ya uzamivu ya miaka 5 hadi 7 ambayo ndani yake kuna mwaka mzima wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo chini ya uangalizi, kisha mtihani wa leseni, na katika majimbo mengi saa nyingine za kazi chini ya usimamizi. Uingereza, shahada ya uzamivu ya saikolojia tiba ni ya miaka 3, na mwanafunzi huwa ni mwajiriwa wa huduma ya afya anayelipwa mshahara huku akisoma. Ndiyo maana ushindani ni mkali, na wengi hufanya kazi miaka kadhaa kama wasaidizi kabla ya kupata nafasi. Afrika Kusini, njia ni shahada ya uzamili, utarajali wa miezi 12, kisha mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Ukihesabu tangu siku ya kwanza chuoni, mtu anaweza kutumia miaka 8 hadi 12 kabla hajaruhusiwa kufunga mlango na kukaa na mtoto bila msimamizi nyuma yake.

Kwa nini miaka yote hiyo? Sehemu ya jibu iko kwenye mkutano uliofanyika Boulder, Colorado, mwaka 1949, ambapo wanasaikolojia wa Marekani walikubaliana kwamba mtibabu wao awe pia mwanasayansi. Wanafunzi wengi hulalamika: nimekuja kuwasaidia watoto, takwimu za nini? Kwa maoni yangu, kwa mtibabu wa watoto takwimu zina uzito kuliko kwa mwingine yeyote. Watoto hukua. Matatizo yao mengi hupungua yenyewe kadiri miezi inavyokwenda. Mpe mtoto wa miaka 5 mwenye hofu ya giza dawa yoyote ya uongo, ngoja mwaka mmoja au miwili, kuna uwezekano mzuri hofu itakuwa imekwisha na wewe utasifiwa. Bila kulinganisha na watoto ambao hawakutibiwa, kila tiba itaonekana inafanya kazi, na waganga wa kila aina watapata wateja. Mwanasaikolojia hufundishwa kujiuliza kama ni yeye aliyesaidia au ni siku zilizopita tu.

Sehemu nyingine ya jibu ni kujifunza kutazama. Mary Ainsworth, mmoja wa waliotuwezesha kuelewa jinsi mtoto mchanga anavyofungamana na mzazi wake, alianza kazi hiyo Uganda mwaka 1954, akitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala kwa miezi kadhaa na kuandika alichokiona: mtoto anamfuata nani, analia nani akiondoka, anatulia mikononi mwa nani. Wanafunzi wa leo nao huketishwa mbele ya watoto wasio na tatizo lolote, kimya, wakitazama tu. Asiyewajua watoto wenye afya atamwona mgonjwa kila mahali.

Baada ya hapo huja kazi ya vitendo: miezi hospitalini, miezi kliniki ya jamii, miezi kwa watoto wenye ulemavu wa akili, na kwa wengi pia miezi kwa watu wazima. Vikao hurekodiwa kwa ridhaa, kisha msimamizi na mwanafunzi huvitazama pamoja, wakisimamisha kila baada ya muda. Ni mafunzo yasiyomwachia mtu pa kujificha.

Sasa ugumu wenyewe wa kazi. Mtu mzima akienda kwa mwanasaikolojia, kwa kawaida amejipeleka. Mtoto hupelekwa. Mara nyingi haoni kwamba ana tatizo, au anaona kwamba tatizo ni wale waliomleta. Kwa hiyo mtaalamu huanza na hadithi tatu au nne: ya mama, ya baba, ya mwalimu, na ya mtoto mwenyewe, nazo hazifanani. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 kuona watu wanakubaliana kiasi gani wanapoeleza matatizo ya mtoto mmoja. Kwenye kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kutohusiana hata kidogo, watu wa nafasi moja, kama wazazi wawili, walipata wastani wa 0.60. Watu wa mazingira tofauti, kama mzazi na mwalimu, walipata 0.28 tu. Mtoto mwenyewe akilinganishwa na wengine, 0.22. Si kwamba kuna anayedanganya. Mtoto anayepigana shuleni anaweza kuwa mpole kabisa nyumbani, na mwenye huzuni nzito anaweza kuificha kote. Tofauti hizo ni habari zenyewe, maana zinaonyesha tatizo linaishi wapi.

Ndipo vipimo huingia. Kuna dodoso fupi la maswali 25 lililotungwa na Robert Goodman mwaka 1997 ambalo hutumika nchi nyingi, na kuna vipimo vya akili vinavyochukua saa nzima au zaidi, kama kile cha Wechsler cha watoto wa miaka 6 hadi 16. Wazazi huzipa namba za vipimo hivi heshima ya kupita kiasi. Mtoto aliyelala vibaya, mwenye njaa, au aliyepimwa kwa lugha isiyo yake atatoa namba isiyo yake pia, na mtaalamu anayetoa ripoti bila kusema hivyo hajaimaliza kazi.

Kwenye tiba, jambo linalowashangaza wazazi ni kwamba mara nyingi wao ndio hufundishwa. Kwa mtoto mdogo mwenye ukaidi na hasira kali, mojawapo ya tiba zenye ushahidi mzuri humweka mzazi na mtoto chumbani wakicheza, huku mtaalamu akiwa nyuma ya kioo akimwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni: msifu sasa, usijibu hilo, rudia agizo mara moja tu. Kuna sababu nyepesi kabisa ya kufanya hivyo. Mtaalamu humwona mtoto saa 1 kwa wiki, zile 167 zinazobaki ni za nyumbani na shuleni.

Kwa hofu, mtoto hupanda ngazi aliyoipanga mwenyewe, kuanzia kinachomtisha kidogo hadi kinachomtisha sana, katika vikao 12 hadi 16 hivi. Kwa kukojoa kitandani, tatizo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa tatizo kabla ya miaka 5, kengele inayolia shuka linapoanza kulowa ilielezwa na mwanasaikolojia Mowrer na mkewe mwaka 1938 na bado hutumika. Viboko na aibu havijawahi kumkausha mtoto yeyote, na kumwambia mzazi hivyo bila kumdhalilisha ni ustadi unaofundishwa.

Halafu kuna siri. Kijana wa miaka 15 akisema jambo ambalo hataki wazazi wajue, nani mwenye haki? Kanuni ya jumla ni kwamba mipaka huelezwa kikao cha kwanza kabisa, wote wakiwepo: yanayosemwa humu hubaki humu, isipokuwa kukiwa na hatari ya mtoto kuumia, kuumizwa, au kumuumiza mwingine. Uingereza, hukumu ya mwaka 1985 katika shauri la Gillick ilikubali kwamba aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe ikiwa anayaelewa vya kutosha. Nchi nyingine zina sheria zao, na mtaalamu hulazimika kuzijua kama anavyozijua dalili za magonjwa.

Ajira ziko hospitalini, katika kliniki za afya ya akili, mahakamani kwenye mashauri ya malezi, vyuoni, na kwenye ofisi binafsi. Hospitalini baadhi yao hawawaoni wagonjwa wa akili kabisa. Huwasaidia watoto wenye saratani kuvumilia sindano, au wenye kisukari waliochoka kujidunga kila siku. Kinachowachosha wengi si watoto bali makaratasi: ripoti za shule, za mahakama, za bima. Kesi za ukatili nazo huacha alama, ndiyo sababu usimamizi hauishii chuoni. Hata mwenye uzoefu wa miaka 20 huwa na mwenzake anayemweleza kesi zake.

Kwa mzazi anayetafuta huduma, kuna kitu kimoja cha kuangalia. Katika nchi nyingi cheo hiki kinalindwa na sheria, lakini si kila jina linalofanana nacho. Uingereza, kwa mfano, hakuna anayeruhusiwa kujiita mwanasaikolojia tiba bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, ila kujiita mwanasaikolojia tu hakuhitaji usajili huo. Uliza amesajiliwa wapi, amefanya kazi na watoto kwa muda gani chini ya msimamizi, na watoto hao walikuwa wa umri gani. Aliyepitia njia hiyo hujibu bila kununa.