Adolf Cluss na madirisha ya shule za Washington

Jumamosi nikipata nafasi huwa nakwenda Eastern Market, soko la zamani la hapa Washington. Nanunua samaki na mboga, lakini kinachonipeleka hasa ni ukuta. Nilisomea usanifu majengo Dar es Salaam, na miaka hii kazi yangu ni kukarabati majengo ya kale ya matofali huku Marekani. Weka kiganja kwenye ukuta ule uone: matofali ya kuchoma, mekundu, yameshikwa kwa chokaa. Paa la soko lile liliungua vibaya mwaka 2007, kuta zikabaki zimesimama, na kufikia 2009 wachuuzi walikuwa wamerudi kwenye meza zao.

Aliyechora ramani yake ni Adolf Cluss, na soko lilifunguliwa mwaka 1873. Alikuwa mhamiaji, kama mimi.

Alizaliwa mwaka 1825 mjini Heilbronn, Ujerumani, mtoto wa fundi mkuu wa ujenzi. Ujanani alizunguka akitafuta kazi, akafanya kazi za reli kule Mainz, akajiunga na Umoja wa Wakomunisti na kufahamiana na Karl Marx. Mwaka 1848, Ulaya ikitikiswa na mapinduzi, alipanda meli kwenda New York akiwa na miaka 23. Baadaye akahamia Washington, akaajiriwa serikalini kama mchoraji wa ramani, ikiwemo kwenye karakana ya jeshi la majini. Mchana anachora, usiku anamwandikia Marx barua. Barua hizo zilikoma miaka ya 1850, na mwaka 1862 akafungua ofisi yake pamoja na Mjerumani mwenzake, Joseph von Kammerhueber.

Wanahistoria hubishana sana kuhusu namna mkomunisti yule alivyogeuka kuwa msanifu wa serikali. Mimi nikizifungua ramani zake za shule, sioni mtu aliyegeuka sana.

Kabla yake, watoto wengi wa shule za umma za mji huu walisomea kwenye vyumba vya kukodi na vya chini ya ardhi, giza na unyevu. Cluss akajenga Wallach mwaka 1864, Franklin mwaka 1869, Sumner mwaka 1872. Fikiria darasa wakati wa baridi: madirisha yamefungwa, makumi ya watoto ndani, tanuri linawaka chini. Baada ya saa moja hewa imechoka na watoto wanasinzia. Kwa hiyo alipitisha njia za hewa ndani ya kuta zenyewe. Hewa yenye joto huwa nyepesi, hupanda. Ukiipa mkondo wa kupandia hadi juu ya paa, inavuta nyuma yake hewa safi kuingia darasani. Hakuna mashine hapo, ni unene wa ukuta na akili. Halafu madirisha: marefu, yanakaribia dari, maana mwanga unaoingilia juu ndio unaofika hadi kwa mtoto wa dawati la mwisho. Nilipokuwa nachora madarasa kule Morogoro nilikuwa nikishusha linta, ile boriti ya juu ya dirisha, ili kuokoa matofali. Leo nikiingia jengo la Cluss naangalia kwanza linta iko wapi, na wale watoto wa madawati ya nyuma wa Morogoro wananijia.

Kielelezo cha Franklin kilipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Vienna mwaka 1873, na Washington ikarudi na medali. Kutoka juu ya paa la shule hiyohiyo, mwaka 1880, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, na msaidizi wake walirusha sauti ya mtu kwa mwali wa jua, bila waya, umbali wa mita mia mbili na ushee. Siku hizi jengo hilo ni makumbusho ya lugha.

Lakini kwangu jengo lake kubwa kuliko yote ni Sumner, ingawa kwa ukubwa linazidiwa na Franklin. Lilijengwa kwa ajili ya watoto weusi, miaka 10 tu baada ya utumwa kufutwa Washington, wakati shule zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Angeweza kuwapa watoto wale boksi la matofali lenye paa, na pengine wakubwa wa mji wasingelalamika. Aliwapa mnara wa saa, madirisha marefu yenye matao, na matofali yaliyopangwa kwa mapambo mpaka ukingoni mwa paa. Mwaka 1877, humo ndimo yalimofanyika mahafali ya kwanza ya sekondari ya wanafunzi weusi wa mji huu.

Serikali nayo haikumtendea haki. Alikuwa mhandisi wa bodi ya kazi za umma, na mwaka 1874 Bunge lilipochunguza matumizi ya bodi hiyo alisema aliyoyajua. Rais Grant akamwondoa kazini. Akarudi kwenye ramani: jengo la makumbusho la Smithsonian lenye kenchi za chuma, lililokamilika mwaka 1881, ni lake na mshirika wake Paul Schulze. Alifariki mwaka 1905. Majengo yake mengi yamebomolewa, likiwemo soko kubwa la Center Market, ambalo kiwanja chake sasa kina jengo la Nyaraka za Taifa.

Yaliyobaki yanahitaji mikono yenye adabu. Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja ya enzi hizo. Mkandarasi alikuwa amekwangua chokaa yote na kujaza saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali lile, na haiachi unyevu utoke. Maji yanalazimika kupita kwenye tofali, yanaganda wakati wa baridi, na uso wa tofali unabanduka. Nilipogusa ukuta, unga mwekundu ulibaki kwenye vidole. Tumeanza kuitoa saruji ile kwa patasi na nyundo ndogo, mstari mmoja baada ya mwingine, na chokaa tumeshailoweka.