Maiti kuchomwa dawa si kutolewa matumbo

"Akishachomwa dawa mochwari, ndani hana kitu." Maneno haya ya matangani yana umri mrefu, na si kweli. Waliotoa matumbo, ini na mapafu ni Wamisri wa kale. Hata wao moyo waliuacha. Siku hizi mhudumu hupasua kidogo shingoni au kwenye paja, akautafuta mshipa mkubwa na kusukuma humo dawa iitwayo formalini, damu ikitokea mshipa wa pili. Dawa huua bakteria na kukaza nyama. Ndiyo maana mkono wa marehemu ukiugusa ni mgumu kama mpira. Viungo vinabaki mlemle (upasuaji wa uchunguzi ni jambo jingine). Wala dawa haizuii kuoza milele: huchelewesha tu, jeneza lifike Bukoba.