Ala za muziki zinazojipiga zenyewe: ni kitu gani hasa, na zipi ni mbwembwe tu

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko mmoja, manake karibu kila anayeuliza kuhusu ala zinazojipiga zenyewe anao. Redio haijipigi. Santuri haijipigi, spika ya bluetooth haijipigi, simu yako ikicheza bongo fleva nayo haijipigi, hapo unachosikia ni sauti iliyokwisha kurekodiwa, mtu alipiga siku moja studio na wewe unarudishiwa sauti yake. Ala inayojipiga ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni piano ya kweli, au fidla ya kweli, au filimbi au kengele, nyuzi zinatikisika hapohapo mbele yako, hewa inapita kwenye bomba hapohapo, ila hakuna mtu aliyeigusa. Anayepiga ni mashine, na mashine inafuata maelekezo yaliyowekwa mahali: nota ipi ilie, ilie lini, ikae muda gani, na zile zilizoendelea zaidi hata kwa nguvu kiasi gani.

Yaani mashine imetunza maelekezo, sauti yenyewe haijaitunza popote. Dhana nzima ndo hiyo.

Waliowahi kumiliki Nokia 3310 watanielewa haraka. Mule ndani kulikuwa na sehemu ya kutunga mlio, unabonyeza namba unaandika nota moja baada ya nyingine, na watu walikuwa wanakopiana kwenye daftari namna ya kuandika wimbo fulani ili nao simu zao zilie hivyohivyo. Hakukuwa na sauti yoyote iliyorekodiwa mle, simu inasoma orodha ya nota halafu inalia. Zilipokuja simu za milio ya midi ilikuwa mambo yaleyale, faili la kilobaiti chache wakati MP3 ya wimbo huohuo inakula megabaiti tatu nne, na udogo wenyewe unakwambia kilichomo ni maelekezo tu. Sasa mbishi ataniuliza, kwa hiyo Nokia ni ala inayojipiga? Kwangu mimi ni nusu nusu, maelekezo yapo, lakini hakuna chombo kinachopigwa, kuna kaspika tu.

Watu wengi pia wanadhani hivi vitu vilianzia Ulaya. Karne ya 9 kule Baghdad kulikuwa na ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wanajulikana kama Banu Musa, walikuwa wasomi wa Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, wakati wa utawala wa makhalifa wa Abbasiya. Hao waliandika kabisa namna ya kutengeneza chombo cha kupulizwa kinachojipiga: maji yanasukuma hewa, pembeni kuna silinda inazunguka, juu ya silinda kuna vijino, na kila kijino kikipita kinasukuma kifuniko cha tundu la filimbi kinafunguka. Panga vijino kwa namna nyingine na wimbo unabadilika. Kwa lugha ya leo hiyo ni programu, na imeandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Silinda yenye vijino ikatawala muda mrefu sana. Iko kwenye minara ya kengele ya Uholanzi na Ubelgiji, iko kwenye vinanda vya kuzungusha kwa mkono ambavyo mpaka leo utavikuta mitaa ya Mexico City, na iko kwenye vile viboksi vya muziki ambavyo ukifungua kifuniko mdoli anaanza kuzunguka. Ukipata kiboksi kama hicho kilichokufa kifungue tu, ndani kuna kasilinda ka chuma kamechomekwa vipini vidogo kama vipele, na mbele yake kuna kitana cha chuma. Meno ya kitana hayalingani urefu, refu linatoa sauti nene na fupi linatoa nyembamba, kipini kikipita kinalinyanyua jino kidogo kisha kinaliachia, ting. Basi. Kitana hicho alikibuni fundi saa wa Geneva, Antoine Favre, mwaka 1796.

Shida ya silinda ni kwamba ikimaliza mzunguko wimbo nao umekwisha, ukitaka wimbo mrefu inabidi utengeneze pipa kubwa. Jibu lilipitia mahali ambapo mtu hategemei, kwenye vitambaa. Mfaransa Jacques de Vaucanson mwaka 1738 alionyesha watu wa Paris sanamu la mbao, kubwa kama mtu, linapiga filimbi, na lilikuwa linajua nyimbo 12. Halikuwa kiini macho, mivukuto ilikuwa inapuliza hewa kweli ikitokea mdomoni, midomo inajibana na kufunguka, na vidole vilivishwa ngozi ili vizibe matundu vizuri. Baadaye huyohuyo akapewa kazi ya kukagua viwanda vya hariri, akaunda mtambo wa kufuma unaojiendesha, halafu Joseph Marie Jacquard akaja kuuboresha mwaka 1804 kwa kutumia kadi zenye matundu, tundu likifanya kazi ya kijino. Kadi zile zikarudi tena kwenye muziki. Kadi unaweza kuziunganisha mpaka ziwe ndefu unavyotaka, na karatasi ya kuviringisha ndo kabisa.

Hapo ndipo inaingia pianola, ambayo ndiyo mashine watu wengi wanaikumbuka wakisikia mada hii. Mmarekani Edwin Votey aliiunda Detroit mwaka 1895, na mwanzoni haikuwa piano hata kidogo, lilikuwa kabati unalolisogeza mbele ya piano yako ya kawaida, nalo lina vidole 65 vya mbao vilivyovishwa kitambaa vinabonyeza vitufe badala yako. Baadaye mtambo ukaingizwa ndani ya piano yenyewe.

Inavyofanya kazi ni hivi, na mimi hapa ndo huwa nakaa muda mrefu maana hakuna umeme wowote. Kuna rola ya karatasi yenye matundu, inapita juu ya ubao wa shaba wenye matundu yaliyopangwa mstari, tundu moja kwa kila nota. Wewe unakanyaga pedali mbili chini, na kukanyaga kwako kunanyonya hewa kutoka ndani ya mashine. Karatasi ikiwa imeziba tundu la ubao hakuna kinachotokea. Tundu la karatasi likifika juu ya tundu la ubao, hewa ya nje inapenya, inafungua kavali kadogo, kimvukuto cha nota hiyo kinanyonywa na kujikunja, kikijikunja kinasukuma nyundo, nyundo inagonga waya. Tundu refu ni nota inayokaa, tundu fupi ni nota ya kudokoa. Mwaka 1908 wenye viwanda walikutana Buffalo, New York, wakakubaliana rola ziwe na upana mmoja wa inchi 11 na robo na nota 88, ili rola ya kampuni yoyote ipigike kwenye piano ya kampuni yoyote. Mapema miaka ya 1920 pianola zilikuwa zimetapakaa Marekani, mpaka redio na santuri za umeme zilipozimaliza.

Na anayekanyaga hakuwa abiria, akikanyaga kwa nguvu muziki unapanda, akilegeza unashuka, na kuna kishikio cha kuharakisha au kuchelewesha. Mwaka 1904 Wajerumani wa Freiburg wakatoa mtambo uitwao Welte-Mignon ambao hata nguvu ya vidole vya mpigaji unaisajili kwenye rola, na watunzi wakubwa wa Ulaya kama Debussy, Grieg na Mahler walikaa wakapiga. Wauzaji hupenda kusema ukisikiliza rola ile unamsikia Mahler mwenyewe, mimi hapo sikubaliani sana, rola zilikuwa zinarekebishwa baada ya kupigwa na nguvu za vidole ni makadirio ya mashine.

Wanamuziki nao walipiga kelele. John Philip Sousa, yule wa bendi za magwaride, mwaka 1906 aliandika kwamba mashine zitafanya watu waache kujifunza muziki. Kelele nyingine ilikuwa ya pesa, watengeneza rola walikuwa hawawalipi watunzi, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1908 majaji wakasema rola si nakala ya wimbo, ni kipande cha mashine, kwa sababu mtu hawezi kuisoma. Mwaka uliofuata Bunge likabadilisha sheria, senti 2 kwa kila rola ziende kwa mtunzi. Majaji kwa kweli walikuwa wameielewa dhana ila watunzi ndo wangekufa njaa.

Sasa maoni yangu kuhusu ala za ajabu ajabu, manake hapo ndo ubishi ulipo. Kipimo changu ni kimoja tu: mashine inafanya kitu ambacho mkono hauwezi, au inaigiza mkono? Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago, ambayo ilikuwa inatengeneza pia mashine za kamari, ilitoa Violano-Virtuoso, kabati lenye fidla ya kweli na piano, fidla inasuguliwa na vigurudumu vidogo vinavyozunguka badala ya upinde, na vidole vya chuma vinashika nyuzi. Kiufundi ni maajabu. Ukiisikiliza ni fidla ya mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Wajerumani wa Hupfeld kule Leipzig walikwenda mbali zaidi, fidla tatu zimesimamishwa wima, upinde wa duara unazizunguka, na fidla zenyewe ndo zinausogelea, na hiyo angalau inapendeza kuitazama.

Ile ya mapango ya Luray, Virginia, naipa alama zote. Leland Sprinkle, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akifanya kazi Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani, miaka ya 1950 alitafuta mawe yanayoning'inia darini mwa pango yenye sauti sahihi, mengine akayasaga kidogo yafikie nota, akayafungia vinyundo vya mpira vinavyoendeshwa na umeme, mawe 37 yametapakaa eneo la ekari tatu na nusu. Hakuna mikono inayofika huko. Halafu kuna ile ya Zadar, Croatia, ya mwaka 2005, mabomba 35 chini ya ngazi za ufukweni na mawimbi ndo yanayopuliza. Nzuri sana, lakini sio ya familia hii, haina maelekezo, bahari inapiga inavyojisikia.

Na kwetu? Kibodi ya kanisani au ya modern taarab, mpigaji anashika kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto halafu ngoma na besi zinakwenda zenyewe, hiyo ni mtoto wa ukoo huu ingawa sauti ni za spika. Wanaomcheka mpigaji eti anatumia stailo, yaani hayo mapigo yaliyokwisha kuwekwa ndani ya kibodi, haya, lakini kuchagua stailo na kubadilisha kodi kwa wakati nako ni kupiga, kama yule wa kukanyaga pedali.

Aliyepasi kipimo changu kuliko wote ni Conlon Nancarrow. Mtunzi Mmarekani aliyekwenda kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania dhidi ya jenerali Franco, aliporudi serikali yake ikamnyima pasipoti, mwaka 1940 akahamia Mexico City akaishi huko mpaka alipofariki 1997. Wapiga piano hawakuweza kupiga anachotaka, hivyo akatafuta mashine ya kutoboa rola akawa anatoboa mwenyewe, tundu baada ya tundu, miezi kwa ajili ya wimbo wa dakika chache. Akazifunga nyundo za piano zake kwa ngozi na chuma zilie kwa ukali. Kazi yake namba 21 ina sauti mbili tu, moja inaanza taratibu inaongeza mwendo, nyingine inaanza kwa kasi inapunguza, zinapishana katikati, na mwisho ile ya kwanza inakimbia mpaka nota zinashikana. Iko YouTube, punguza sauti kabla haijafika mwisho kama umevaa hedifoni.