Uhakiki wa taarifa na ushabiki wa siasa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Asiyewaamini wahakiki hasahihishiki.

Kutomwamini mhakiki ni jambo moja, kukataa ushahidi ukiwekwa mezani ni jingine. Pew Research Center, taasisi ya utafiti wa maoni ya Marekani, ilipowauliza Wamarekani mwaka 2019, asilimia 70 ya Warepublican walisema wahakiki hupendelea upande mmoja. Kwa Wademokrat ilikuwa 29. Pengo hilo ni kubwa. Hata hivyo, katika jaribio la kitaalamu, wafuasi wa Trump walioonyeshwa takwimu halisi za uhalifu baada ya kusoma madai yake ya kampeni ya 2016 walisogea karibu na ukweli. Mapenzi yao kwake hayakupungua. Anayepima uhakiki kwa kura zilizohama anautwika kazi isiyo yake.

Dhana: Ukimsahihisha shabiki, unamzidishia ukaidi.

Wazo hili lilienea baada ya utafiti wa 2010 wa wanasayansi ya siasa Nyhan na Reifler. Watafiti Wood na Porter walilijaribu upya kwa masuala 52 na watu zaidi ya 10,000. Ukaidi huo karibu haukuonekana kabisa.

Dhana: Mhakiki wa haki hukosoa kila chama kwa idadi sawa.

Haki ni kutumia kipimo kimoja kwa wote, hata hesabu zisipolingana. Pa kuangalia upendeleo ni katika kuchagua dai: nani anasikilizwa, hotuba ipi inaachwa. Kosa jingine ni kuhukumu ahadi. “Nitashusha bei ya unga” haihakikiki. “Bei ya unga imeshuka tangu Januari” inahakikika.

Dhana: Lazima kwanza umwamini mhakiki.

Uhakiki mzuri unakuachia njia uipite mwenyewe. Katika uchaguzi wa Kenya wa 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A (fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo) za vituo zaidi ya 46,000. Picha ya fomu ikikufikia kwa WhatsApp, soma jina na namba ya kituo, kisha fungua fomu ya kituo hicho hicho kwenye tovuti. Jumlisha kura za wagombea wote wanne. Zilingane na kura halali. Halafu linganisha tarakimu moja moja, mwandiko na sahihi za mawakala. Ukimtumia ndugu wa chama kingine, mpe fomu mbili bega kwa bega. Ukimtumia muhuri wa “UONGO” peke yake, atabishana na aliyeupiga na fomu hataitazama.