Kiyoyozi cha magurudumu hakipoozi? Shika bomba lake kwanza

Watu wakisikia ninatengeneza viyoyozi na ninaishi Uyole, hucheka. Mbeya hii, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni watu wanalala na mablanketi mawili, nani anahitaji AC? Wateja wangu wengi wako bondeni: Kyela, Chunya, na Mbarali kule kwenye mashamba ya mpunga. Mjini ninao wachache, kama studio ya kurekodi isiyoweza kufungua dirisha kwa kelele za bodaboda, na watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam wakapanda na viyoyozi vyao.

Karibu kila simu huanza hivi: "Fundi, gesi imeisha."

Mwaka juzi aliyeniambia hivyo alikuwa mama mwenye duka la dawa Kyela. Dawa nyingi hazitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo hakuwa na mchezo. Nikashuka kupitia Tukuyu, mvua ikinipiga njia nzima kama kawaida ya Tukuyu. Nilipoingia dukani sikufungua hata kisanduku cha zana. Niliweka mkono mmoja mbele ya kiyoyozi chake cha magurudumu, panapotoka ubaridi: upepo ulikuwa wa baridi vizuri tu. Mkono wa pili nikaupeleka nyuma kwenye bomba la plastiki, nikauondoa haraka. Bomba lilikuwa linaunguza, limebanwa na shelfu, tena lilikuwa limeungwa kipande kingine kwa selotepu ili lifike dirisha la mbali. Kwenye kile kiungo hewa ya moto ilikuwa inarudi dukani.

Mashine hii ni friji na feni ndani ya sanduku moja. Inanyonya joto la chumba na kulitema nyuma, na joto hilo halina njia nyingine ya kutoka ila bomba lile. Likijikunja, likiwa refu kuliko lililokuja nalo, au likivuja, unanunua umeme wa kupasha chumba. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: zile za bomba moja zinasukuma nje hewa ya chumbani mwako, na pengo lake linajazwa na hewa inayopenya chini ya mlango. Kwa Kyela ya Novemba, hiyo ni hewa ya moto yenye unyevu. Ndiyo maana ziba nyufa za dirisha na mlango kwa kitambaa kabla hujalaumu gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka humo humo. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

Kyela huko pia mashine hujaa maji ya unyevu wa hewa. Inazima yenyewe na kuandika FL, FT au P1, kila kampuni na herufi zake, na mwenye nyumba anadhani imeungua. Zima, weka beseni, chomoa kizibo cha chini nyuma, maji yamwagike. Kwa siku zenye unyevu mwingi, unganisha mpira wa kudumu, ushuke kila mahali bila kupanda hata kidogo.

Ile studio ya mjini tatizo lake lilikuwa kinyume. Usiku wa Julai jamaa waliseti 16, baada ya saa moja upepo ukafa. Nikafungua kifuniko: mapezi yote, vile vibati vyembamba vinavyopoza hewa, yamefunikwa barafu nyeupe. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, na hewa ya chumba ilikuwa baridi mno kwa mashine hiyo. Nyingi zimetengenezwa kwa chumba kisichopungua nyuzi 16 au 18. Barafu inaweza kuletwa na upungufu wa gesi pia, lakini osha chujio, acha iyeyuke yote, washa feni peke yake, kisha ujaribu chumba kikiwa na joto. Mara nyingi kesi inaishia hapo. Studio ile niliwashauri wafunge feni ya kunyonya hewa ya nje, yenye njia ya kona kona iliyofunikwa sponji ndani kuzuia sauti. Baridi ya Mbeya ni ya bure, kwa nini uinunue?

Wanaotoka Dar es Salaam nawauliza swali moja: ilisafirije? Ikilazwa kwenye buti la basi kilomita zaidi ya 800, oili ya kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, inakuwa imehama. Isimamishe wima siku nzima kabla ya kuiwasha. Na ukiizima ukaiwasha papo hapo, kompresa inasubiri kama dakika tatu. Huo siyo ubovu.

Ikiunguruma "mmm" kisha ikakata kwa "ta", nashuku kapasita, kile kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza, au umeme mdogo. Mtandao wetu ni volti 230. Nimewahi kupima 180 saa mbili usiku kwenye nyumba ya mwisho wa laini. Kompresa haianzi hapo, inachemka tu. Pia usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Plagi ikiwa ya moto mkononi, chomoa.

Kama kweli gesi imevuja, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Kikiandikwa R290, hiyo ni propani, ndugu wa gesi ya kupikia, na inawaka. Fundi akija na sigara, au akitaka kujazia gesi nyingine yoyote aliyonayo, msindikize mpaka getini. Mimi mwenyewe nikiwa kijana nilitoboa bomba la gesi la mashine isiyovuja ili nipime gesi, kumbe tatizo lilikuwa chujio. Ile mashine niliilipa.

Kule Kyela nilikata kipande kilichoungwa, nikasogeza shelfu, nikahamishia mashine karibu na dirisha. Baada ya nusu saa mama akavaa kanga mabegani. "Na gesi?" akauliza. Nikamwambia ipo. Akanilipa nauli na kilo tano za mchele. Pesa ya ufundi alikataa, kwa sababu sikuwa nimeweka kitu chochote.