Sukari ya miezi mitatu: je, kila maabara ina namba zake?

Wagonjwa wengi wa kisukari huambiana kwamba majibu ya HbA1c, kile kipimo cha "sukari ya miezi mitatu", hayalinganishiki: ukibadili maabara, umeanza upya. Zamani ilikuwa kweli. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, damu ileile ingeweza kutoa asilimia 7 huku na 9 kule, kwa sababu kila mtengenezaji wa mashine alikuwa na rula yake.

Mambo yalibadilika baada ya utafiti mkubwa wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangazwa 1993, kuonyesha kwamba kushusha HbA1c hupunguza madhara ya macho, figo na neva. Lakini lengo la asilimia 7 lina maana gani kama rula hazifanani? Ndipo mwaka 1996 ukaanzishwa mpango wa NGSP wa kupima mashine za viwanda mbalimbali dhidi ya kipimo cha DCCT. Baadaye shirikisho la kimataifa la kemia ya tiba, IFCC, likaleta njia rejea yenye vizio vingine. Kwa hiyo ukiona 53 (mmol/mol) badala ya asilimia 7, usishtuke. Ni kitu kilekile.

Tofauti ndogo, 7.1 na 7.3 tuseme, ni ya kawaida hata kwenye mashine moja. La kuulizia zaidi ni damu yenyewe: selimundu, upungufu wa damu au kuongezewa damu karibuni huweza kupotosha jibu, hata maabara iwe bora namna gani. Mwambie daktari kabla hajabadilisha dozi.